Shajara ya mradi: haihati iliyo wazi, ili watoto wauone mguu ukifanya kazi

Jumatatu. Kusudi lenyewe

Mradi huu una kazi moja: kutengeneza haihati, yaani yale matoazi mawili ya seti ya dramu yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu, ambayo sehemu zake za ndani zinaonekana zote. Watoto wa darasa letu la muziki hapa Morogoro, wengi wao wa miaka minane hadi kumi na mmoja, wanaijua seti ya dramu kwa macho na kwa masikio. Kanisani ipo, harusini ipo. Ukiwauliza ngoma kubwa inapigwaje, wanakujibu bila kusita. Ukiwauliza yale matoazi mawili yaliyolaliana upande wa kushoto wa mpigaji yanafanya nini, wanasema "yanapigwa kwa kijiti", basi. Mguu wa kushoto hawauoni. Umejificha nyuma ya snea, ile ngoma ndogo iliyo mbele ya mpigaji, na hata ukiwasogeza karibu, wanachokiona ni kiatu kinachopanda na kushuka, kisha ufito wa chuma unaozama ndani ya bomba. Habari inaishia hapo.

Kwangu mimi, mtoto ambaye hajauona mguu huo hajaielewa haihati. Mkono unaianzisha sauti, mguu ndio unaoamua sauti hiyo iishi muda gani. Ngoma kubwa ina mguu wake na snea ina mikono yake, lakini kwenye haihati mkono na mguu vinakutana juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nataka lile bomba liondoke, cheni na springi zikae hadharani, na kila mtoto akanyage mwenyewe huku akitazama.

Vitu nilivyokusanya mpaka sasa: vifuniko viwili vya sufuria vya alumini vinavyolingana, nondo nyembamba, cheni ya baiskeli iliyostaafu, mbao za msonobari, bawaba mbili, na ndala kuukuu za mpira. Springi bado.

Jumanne. Stendi ya kweli mezani

Leo nimeifungua stendi ya darasa kipande baada ya kipande na kuichora kwa ajili ya kijitabu cha watoto.

Chini kabisa kuna pedeli, ubao wa chuma wenye bawaba upande wa kisigino. Mbele, penye vidole vya mguu, imefungwa cheni fupi. Cheni imeushika ufito wenye unene wa milimita 6 hivi, unaopita katikati ya bomba mpaka juu. Ukikanyaga, cheni inauvuta ufito chini. Ukiachia, springi iliyomo ndani ya bomba inausukuma urudi juu. Stendi nyingi zina pete ya kuzungusha kwa mkono ili kuikaza au kuilegeza springi hiyo, kwa sababu wapigaji hawana miguu ya uzito mmoja.

Toazi la chini halitembei. Limelala chali, tumbo juu, kwenye kikombe kilichotandikwa kiduara cha sufi nzito. Toazi la juu limelala kifudifudi na ndilo linalosafiri. Limeshikwa na kitu ambacho wapigaji wanakiita klachi: kibomba kifupi kama kidole, chenye viduara viwili vya sufi vinavyolibana toazi juu na chini, na skrubu ya masikio pembeni inayokibana kibomba kwenye ufito. Ilegeze skrubu hiyo, toazi la juu litaanguka juu ya mwenzake na kubaki hapo. Ikaze, toazi litaufuata ufito popote uendako.

Jambo la kuandika kwa herufi nene kwenye kijitabu: viduara vya sufi visikazwe mpaka toazi likakakamaa. Ukiligusa kwa kidole inafaa litikisike kidogo. Toazi lililobanwa sana linatoa sauti iliyokatika, na baada ya muda linaweza kupasuka kuanzia tundu la katikati au ukingoni.

Vipimo: jozi yetu ni ya inchi 14, karibu sentimita 36, na hicho ndicho kipimo cha kawaida zaidi. Zipo za 13 na za 15 pia. Mara nyingi toazi la chini ni zito kuliko la juu. Jepesi linakaa juu liitikie kijiti haraka, zito linakaa chini ili yanapokutana mlio utoke mkavu na wenye nguvu. Niliwahi kuona jozi iliyopinduliwa, zito juu, na mpigaji aliipenda hivyohivyo. Hakuna sheria inayokataza.

Alhamisi. Karakana

Fundi alizitazama mbao, akavitazama vifuniko, akauliza kama nafungua mgahawa. Nilipomweleza, akaacha kazi aliyokuwa nayo.

Nilikuwa nimepata springi ya kochi. Akaibonyeza kwa kiganja mara mbili, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hii ni ya kumbeba mtu mzima na mgeni wake. Mtoto wa darasa la tatu akikanyaga hapa, yeye ndiye atakayeruka juu." Akaingia nyuma ya karakana na kutoka na springi ya godoro la zamani, laini, iliyopinda kidogo. Akainyoosha. Hiyo ndiyo tuliyotumia.

Tulivyoipanga: fremu ya mbao iliyo wazi mbele na nyuma, yenye vibao viwili vya kulala. Ufito unapita kwenye tundu la kibao cha juu na la kile cha chini. Kati ya vibao hivyo fundi amechomelea washa pana, kile kiduara cha chuma chenye tundu, kwenye ufito, na springi imekaa kati ya washa hiyo na kibao cha chini. Ufito ukivutwa, washa inaibana springi. Mguu ukiachia, springi inajinyoosha na kuunyanyua ufito. Yote yako mbele ya macho. Chini, cheni ya baiskeli imeunganisha mkia wa ufito na ncha ya ubao wa pedeli.

Badala ya viduara vya sufi tumekata viduara kwenye ndala. Mpira wa ndala una ulaini unaofaa kabisa: unakishika kifuniko bila kukinyonga. Tundu ambalo zamani lilikuwa la kishikio cha kifuniko ndilo linalopitisha ufito, kwa hiyo hatukutoboa kitu.

Fundi aliijaribu kabla ya kunikabidhi. Akakanyaga, vifuniko vikasema *cha*. Akakanyaga tena na tena, taratibu, akiitazama springi. "Kumbe ni hiki tu?" Ndiyo, ni hiki tu, na muziki wa karne nzima umepanda juu yake.

Jumamosi. Watoto

Hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri. Niliziweka mbili pamoja, haihati ya vifuniko kwa ajili ya kuona na haihati ya kweli kwa ajili ya kusikia.

Kwanza kila mtoto alikanyaga ile ya vifuniko bila kijiti. Wengi walipiga magoti kutazama cheni wakati mwenzao anakanyaga, na hilo sikuwaagiza. Kijana mmoja alifuata kwa kidole kutoka pedeli hadi juu, akitaja kwa sauti: "Mguu, cheni, ufito, klachi, kifuniko." Nimeandika mpangilio wake uleule kwenye kijitabu.

Kisha tukahamia kwenye haihati ya kweli, na nikaweka punje chache za mchele juu ya toazi la juu. Mguu umekanyaga, matoazi yamefungwa: nikapiga kwa ncha ya kijiti. Punje ziliruka mara moja zikatulia. *Ti.* Nikaondoa mguu, matoazi yakaachana kiasi cha vidole viwili, nikapiga tena. Punje ziliruka, zikaendelea kutetema na kutambaa kuelekea ukingoni huku sauti ikivuma *tsaaaa*, na nyingine zilidondoka sakafuni kabla sauti haijaisha. Nikakanyaga katikati ya mvumo. Kimya, na punje zilizobaki zikasimama papo hapo.

Hapo ndipo maelezo yalipoingia, maana walikuwa wameshaona. Toazi likipigwa, chuma chake kinajikunja na kujikunjua haraka mno, mara maelfu kwa sekunde, na kila mkunjo unaisukuma hewa iliyo karibu. Hewa hiyo ndiyo inayofika sikioni. Likiwa huru, linaendelea kutetema mpaka nguvu ya kijiti imalizike. Likigusana na mwenzake kwa kubanwa, mtetemo unakosa nafasi, nguvu inamezwa pale yanapogusana, na sauti inakufa. Nikawaambia waweke viganja juu ya toazi linalovuma ili wahisi mtetemo na wauzime wenyewe. Mguu unafanya kazi hiyohiyo ya kiganja, ila unaifanya kutoka mbali, na mikono inabaki huru kupiga.

Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, na ukikanyaga kidogo tu?" Nilitamani sana swali hilo litoke kwao. Nikalegeza mguu mpaka kingo za matoazi zikawa zinagusana bila kubanana. Nikapiga. Sauti ikatoka ya kuchachatika, *tshhh*, kwa sababu matoazi mawili yanatetema na kugongana yenyewe kwa yenyewe, kila moja likimchokoza mwenzake. Wapigaji wanaitumia pale wimbo unapopanda, na kati ya kufunga kabisa na kufungua kabisa kuna sauti nyingi zisizo na idadi, zote zinatawaliwa na kifundo cha mguu. Watoto walikaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyopanga, kila mmoja akiitafuta sauti yake ya katikati. Somo la noti nililoliandaa nikaliahirisha.

Tulimaliza na sauti zisizohitaji kijiti. Kanyaga na ubane: *chik*, fupi. Kanyaga na uachie hapohapo: *tsaa*, kama matoazi ya gwaride. Halafu tukalinganisha mahali pa kupiga. Ncha ya kijiti juu ya mgongo wa toazi inatoa mlio mdogo ulio wazi. Shingo ya kijiti kwenye ukingo inatoa mlio mnene wenye kishindo. Kitovu cha toazi kinalia kama kengele.

Jumamosi, mchana. Habari ya hewa

Naiandika peke yake kwa sababu ilinifurahisha. Vifuniko vyetu vinalingana vizuri mno. Vikikutana sawasawa mduara mzima, badala ya *cha* vilitoa *pf*, sauti iliyovimbiwa. Watoto walidhani vimeharibika. Nikamwita mmoja asogeze shavu karibu na ukingo, nikakanyaga. "Upepo, mwalimu!" Wote wakataka kupulizwa.

Hewa iliyo kati ya matoazi lazima itoke pale yanapofungwa. Ikikosa mlango inabaki katikati kama mto na kuzuia chuma kisigongane na chuma, na ule mlio mkavu unapotea. Kwenye stendi ya kweli dawa yake ni skrubu ndogo chini ya kikombe cha toazi la chini. Ukiizungusha, toazi linainama kidogo upande mmoja, hewa inapata pa kupitia. Viwanda navyo vimebuni njia zao: yapo matoazi ya chini yaliyotobolewa matundu, na kampuni ya Paiste hutengeneza yenye ukingo wa mawimbi ili hewa ipite kati ya wimbi na wimbi.

Sisi tulichomeka kipande cha ndala chini ya kifuniko cha chini, upande mmoja. *Cha!* ikarudi. Binti aliyeuliza swali la kukanyaga kidogo ndiye aliyekichomeka, na alijaribu vipande vya unene tofauti mpaka akaridhika.

Jumapili usiku. Ukurasa wa historia

Kijitabu kinahitaji ukurasa mmoja tu wa historia, lakini nataka uwe wa kweli.

Haihati ilizaliwa Marekani pamoja na seti ya dramu. Zamani bendi ilihitaji mtu wa ngoma kubwa, mtu wa snea na mtu wa matoazi. Pedeli ndizo zilizomwezesha mtu mmoja kuzikusanya kazi zote hizo. Ile ya ngoma kubwa aliyoibuni William F. Ludwig wa Chicago mwaka 1909 ilisaidia sana. Katika miaka ya 1920 mguu wa kushoto nao ukapewa kazi: matoazi mawili madogo yaliyokaa karibu na sakafu, yanayogonganishwa kwa kukanyaga tu. Kijiti hakikuweza kuyafikia. Kuelekea mwisho wa miaka hiyo mafundi wakarefusha bomba, matoazi yakapanda hadi usawa wa mikono. Badiliko dogo la urefu, na chombo kikawa kingine kabisa.

Aliyeonyesha chombo hicho kinaweza kufika wapi ni Jo Jones, aliyezaliwa Chicago mwaka 1911 na kupiga dramu na okestra ya jazi ya Count Basie iliyotokea Kansas City. Kabla yake, mapigo ya kudumu ya wimbo yalikaa zaidi kwenye ngoma kubwa. Yeye aliyahamishia kwenye haihati, akiifungua na kuifunga kwa wepesi, na bendi nzima ikawa inatembea juu ya sauti hiyo. Nitawachezea watoto rekodi zake za miaka ya 1930, wasikilize mguu.

Chuma chenyewe kina safari ndefu kuliko stendi. Familia ya Zildjian, Waarmenia, walianza kutengeneza matoazi katika jiji ambalo leo ni Istanbul, na kampuni yao huhesabu miaka yake tangu 1623. Mwaka 1929 kazi ikaanza Massachusetts, Marekani, ambako ipo hadi leo. Matoazi bora kwa kawaida ni mchanganyiko wa sehemu 80 za shaba na sehemu 20 za madini ya bati. Ya bei nafuu mara nyingi yana bati pungufu, asilimia 8 hivi, au ni shaba na zinki. Watoto walisikia tofauti bila kuambiwa: kifuniko cha alumini kinasema neno moja na kunyamaza, toazi la shaba linasema sauti nyingi kwa pamoja na kukawia nazo.

Kwa Afrika nimeweka Tony Allen wa Nigeria, mpigaji dramu wa bendi ya mwanamuziki Fela Kuti. Alisimulia jinsi mafunzo ya Max Roach, mpigaji dramu wa jazi wa Marekani, kuhusu haihati, aliyoyasoma gazetini, yalivyomfungua macho wakati wapigaji wenzake waliiacha ikae tu. Na kwa hapa nyumbani nimeandika zoezi: chukua wimbo wowote wa dansi anaoupenda babu au bibi, usubiri mpaka ufike kwenye chemko, ule wakati waimbaji wananyamaza na magitaa yanashika kasi, kisha utafute haihati na uifuate mpaka mwisho.

Jumatano. Haihati isiyo na mguu

Kijana mmoja alinisimamisha baada ya kipindi: nyimbo za singeli na bongo fleva anazosikiliza zina haihati, lakini kaka yake anazitengeneza kwenye kompyuta na hana dramu. Mguu uko wapi?

Nimefurahi kuongeza ukurasa kwa ajili yake. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya midundo iitwayo TR-808. Sauti ya matoazi yake inatengenezwa kwa umeme mtupu: mawimbi sita yasiyopatana yanachanganywa, kisha yanachujwa mpaka zibaki sauti za juu tu. Lakini wahandisi walielewa kwamba sauti pekee haitoshi. Wakaipanga mashine hivi: haihati iliyofunguliwa ikiwa bado inavuma, na iliyofungwa ikalia, ile ya kwanza inakatwa papo hapo. Programu nyingi za kutengenezea midundo zinafuata utaratibu huo mpaka sasa. Kwa hiyo nilimjibu kwamba mguu upo, umeandikwa ndani ya mashine. Akaenda kumwuliza kaka yake kama anajua.

Ijumaa. Yaliyokamilika na yanayofuata

Fremu imepigwa msasa na vanishi, na kingo za vifuniko nimezisugua kwa tupa zisimkate mtoto. Cheni imepunguzwa pingili moja ili ubao wa pedeli uinuke vya kutosha kwa miguu mifupi. Kwenye seti ya kweli nimeongeza kipande cha mbao nyuma ya pedeli kwa wasiofikisha kisigino. Mtoto anayening'iniza mguu hawezi kuizuia haihati, atabaki anaipigapiga.

Masikio: chumba chetu kina kuta tupu na matoazi yanakera. Nimetundika mablanketi mawili ukutani, na kanuni ni kwamba anayepiga haihati iliyofunguliwa anavaa vizibo vya masikio, na wanaosubiri zamu wanakaa nje barazani. Wazazi wameelezwa.

Zoezi la Jumamosi ijayo limeandikwa ubaoni tayari. Hesabu nne, mguu wa kushoto peke yake unakanyaga kwenye *mbili* na *nne*: *chik* … *chik*. Mkono hautumiki mpaka mguu utulie. Kisha mkono wa kulia unaingia, *moja na mbili na tatu na nne na*, matoazi yakiwa yamefungwa, na yanafunguliwa kwenye *na* ya mwisho pekee, yafungwe tena kwenye *moja*. Wale wadogo wataanzia kwenye vifuniko, wakiitazama springi. Fundi ameomba aje kutazama, na ameahidi kuleta springi nyingine, maana kuna mwalimu wa shule ya jirani ambaye ameshaniuliza fremu ya pili itakuwa tayari lini.